Pengo Nililolihubiri

Kwa miaka mingi nilihubiri juu ya pengo. Sikuwa mchungaji. Nilikuwa mwinjilisti wa mtaa tu hapa Malambo, mtu wa kuongoza ibada mkubwa asipokuwepo, kuendesha sala za jioni bomani na kusimama kwenye mikutano ya injili chini ya mgunga. Lakini nilikuwa na hubiri moja lililonijengea jina kutoka Malambo hadi Piyaya, na hubiri hilo lilihusu miamba.

Nililipata kwenye kijitabu alichotuachia mhubiri mmoja wa mjini. Kilisema hivi: wataalamu wa miamba wanadai ardhi imejipanga tabaka juu ya tabaka, na kwamba kwa matabaka hayo wanaweza kuhesabu miaka. Lakini matabaka mengi hayapo. Kati ya hili na lile wanakwambia zimepita zama na zama, na wewe ukitazama hapo huoni kitu, ni mstari tu. Nikifika hapo nilikuwa nanyamaza kidogo, halafu nauliza kwa sauti ya chini: sasa hiyo miaka imeenda wapi? Watu wanatulia. Kisha najibu mwenyewe: haijaenda popote, kwa sababu haikuwepo. Wameitunga! Akina mama walipiga vigelegele, vijana walicheka, nami nilirudi nyumbani nikijiona mtu.

Sikuwa nimewahi kushika hata jiwe moja na kulitazama vizuri. Wala siwezi kusema kwamba mawe yalikuwa mbali. Malambo iko kati ya milima ya Gol na mlima wa moto, Oldoinyo Lengai, na kwenye kingo za makorongo yetu hata mtoto anayechunga mbuzi atakuonyesha udongo mwekundu, juu yake wa kijivu, juu yake mweupe. Nilipita kwenye kingo hizo nikienda kuwaambia watu kwamba hakuna cha kuona.

Ukame wa mwaka 2009 ulinishusha. Ng'ombe walianguka mmoja mmoja, na waliosalia walikuwa mifupa iliyovaa ngozi. Mwaka uliofuata nikasikia kwamba kwenye korongo la Oldupai wanatafuta vibarua wa msimu wa uchimbaji wa mabaki ya kale. Nikapanda lori la mnada hadi lilipoishia, nikakata kwa miguu kupitia korongo la Olkarien, ambako tumbusi hutaga kwenye miamba, nikatokea upande wa pili wa milima. Nilikwenda kwa sababu ya njaa. Ila nisijisafishe: nilikwenda pia kama mpelelezi. Nilitaka niwaone hao watunga miaka kwa macho yangu, nikirudi hubiri langu liwe na meno.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Unachimba kwa mwiko na brashi, unabeba ndoo, unachekecha udongo hadi kope zinakuwa nyeupe. Mkuu wa shimo letu alikuwa mwanamke wa makamo, Mtanzania, tuliyemwita Dokta. Kila asubuhi alianza kwa kuwaamkia wazee shikamoo, hata wale wa kubeba ndoo, ndipo afungue daftari lake. Jambo hilo liliniudhi. Ni vigumu kumpinga mtu mwenye adabu.

Jioni kambini niliendelea na hubiri langu kwa njia ya mzaha. "Leo tumechimba milioni ngapi?" nauliza, na vijana wanaangua kicheko. Kucheka kwao kulinogesha mzaha ule, nami nikazidi kujisahau, mpaka siku walipokuja wanafunzi wa sekondari kutoka upande wa Karatu kutembelea shimo. Dokta aliwaonyesha ukuta wa shimo, akawaambia kwamba kwenye mstari unaotenganisha matabaka yake kuna maelfu mengi ya miaka ambayo hayakuacha udongo hapa. Nikapaza sauti kutoka kwenye chekeche langu: "Dokta, hiyo miaka ambayo haipo mmeihesabuje? Au mnalipwa kwa kila milioni?"

Wanafunzi walicheka. Dokta akageuka taratibu. "Swali la kwanza ni zuri sana," akasema. "La pili, mshahara wangu anaujua mume wangu." Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na hakikuwa changu.

Usiku ule msimamizi aliniambia nifungashe vitu vyangu. Nilijua kibarua kimeota nyasi, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, na nyumbani kuna watoto. Sikulala. Kulipokucha Dokta akaniita, nami nikaenda nikiwa nimeshashika mfuko wangu. Akaniuliza, "Mwinjilisti, mwandiko wako ukoje?" Nikasema si mbaya. "Basi leo huchekechi. Utachora ukuta." Akanipa ubao, karatasi ya miraba, penseli, futikamba na timazi. Kumbe alishazungumza na msimamizi kwamba malipo yangu yasiguswe. Mpaka leo sijui kwa nini alifanya hivyo. Nilikuwa nimemdhalilisha mbele ya watoto wa watu, na alikuwa na kila haki ya kuniacha niende.

Aliniwekea sharti moja: nichore ninachokiona, si ninachokijua.

Shimo letu lilikuwa kwenye kile wanachokiita Tabaka la Pili. Chini kulikuwa na udongo wa mfinyanzi wa kijivu unaoelekea kijani, na juu yake mchanga uliochanganyika na changarawe. Kati yake ndipo ulipokuwa ule mstari. Nikauchora kwa kunyoosha, nikampelekea. Akatazama, akasema, "Huu umeuona au umeukisia?" Nikarudi, nikapiga magoti mbele ya ukuta, na kwa mara ya kwanza maishani nikalitazama lile pengo nililokuwa nimelihubiri.

Halikuwa limenyooka. Mahali fulani lilizama urefu wa mkono kisha likapanda tena, kama mtaro uliochongwa na maji. Kwenye sehemu ya juu ya ule udongo wa mfinyanzi palikuwa na vitundu vyembamba vilivyosimama wima, vimejaa chokaa nyeupe. Ndivyo mizizi inavyoacha alama ikishaoza. Na ndani ya changarawe ya juu, katikati ya kokoto za lava, kulikuwa na madonge ya udongo wa kijani uleule wa chini, yamesuguliwa hadi yakawa duara.

Dokta alichuchumaa kando yangu. "Hilo donge limetoka wapi?" Nikasema limetoka tabaka la chini. "Wakati linang'olewa lilikuwa laini au gumu?" Nikafikiri. Kama lingekuwa laini, maji yenye nguvu ya kubeba kokoto yangeliyeyusha. Nikasema lilikuwa gumu. "Kwa hiyo ule udongo wa ziwa ulishakauka, ukaota mimea, ukawa mgumu, mto ukaja ukaukata, ukabeba vipande vyake. Hayo yote yako wapi kwenye mchoro wako?"

Nikatazama karatasi. Yote yalikuwa ndani ya mstari wangu wa penseli.

Ningependa kusema niliamini palepale. La. Nilibisha wiki nzima. Nilisema labda ni siku moja ya mafuriko, labda mizizi ni ya mimea ya juzi. Dokta alikuwa hanibishii. Ananionyesha tu kwamba mizizi inakatika pale mstari unapoanza, kwamba haipandi kwenye changarawe ya juu, kwa hiyo iliota na kufa kabla changarawe haijafika. Mwisho aliyenifunga mdomo hakuwa Dokta, bali mzee mmoja kibarua mwenzetu ambaye hakuwahi kukaa darasani. "Mwanangu," akaniambia, "wewe hujawahi kuhama boma? Ng'ombe wakiwepo samadi inarundikana. Tukihamia malisho ya mbali haiongezeki, tena mvua na upepo vinaipunguza. Tukirudi inaanza nyingine juu yake. Ukichimba utakuta samadi juu ya samadi. Sasa ule mwaka tuliohama haukuwepo?"

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza kama mtu anayetaka kujibiwa. Nikauliza tena lile swali langu la kwanza, safari hii bila mzaha: miaka isiyoacha udongo inahesabiwaje? Jibu lilikuwa la kawaida kuliko nilivyotarajia. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro zilimwaga majivu Oldupai mara nyingi, na majivu hayo yaliganda yakawa tabaka. Ndani yake kuna chembe zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hubadilika taratibu sana kuwa gesi ya agoni. Chembe ikiwa ya moto kwenye volkano gesi hutoka. Ikishapoa hufungiwa ndani na kuanza kujikusanya. Maabara inapima gesi iliyokusanyika na kupata umri. Kwa njia hiyo mwaka 1961 ilitangazwa kwamba mahali mtafiti Mary Leakey alipookota fuvu la kale liitwalo Zinjanthropus, tarehe 17 Julai 1959, pana umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Sasa ukipata umri wa majivu yaliyo chini ya pengo na umri wa yaliyo juu yake, pengo limebanwa katikati. Haliwezi kuzidi tofauti ya hizo mbili. Kumbe si kila pengo lilikuwa kubwa, na hakuna aliyekuwa analikuza. Walikuwa wanaliwekea mipaka.

Kilichonitisha kilikuja baadaye. Siku ya mapumziko Dokta alituchukua baadhi yetu hadi Naibor Soit, vile vilima vya mawe meupe vilivyo kaskazini mwa korongo. Watu wa kale walikuwa wakichukua mawe hapo kutengenezea visu na vikwaruzio. Akatupeleka chini ya kilima, mahali udongo na majivu ya Oldupai yalipoegemea ule mwamba, akaniambia niweke kiganja. Kidole gumba kikagusa mwamba mweupe unaometameta. Kidole cha mwisho kikagusa udongo. Akasema mwamba ule ulikuwa mchanga zamani, ukazikwa chini sana, ukapikwa na kukandamizwa wakati milima mikubwa ilipojengwa huku Afrika Mashariki, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Udongo wa Oldupai haufiki mbali zaidi ya miaka milioni 2. "Kilicho kati ya vidole vyako hapa hakipo," akasema.

Pengo nililokuwa nalichezea jukwaani lilikuwa la maelfu ya miaka. Hili lilikuwa la miaka milioni mia sita, na lilienea chini ya kiganja changu.

Nilirudi kambini nikiwa kimya. Nisifiche: niliogopa kwamba imani yangu inavunjika. Nilikuwa nimemweka Mungu kwenye pengo. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba pale wataalamu wanapokosa udongo, hapo ndipo Mungu anapoonekana. Sasa pengo lilikuwa na alama zake, lina mizizi na kokoto na mipaka, na Mungu niliyemhubiri hakuwa na mahali pa kukaa. Nililia, nikamwomba huyohuyo niliyedhani ananiponyoka. Sikusikia sauti yoyote. Ila katikati ya siku zile za uzito nilitambua kitu kimoja kuhusu mawe kilichonipa pumzi, nacho ni kwamba mambo nilikuwa nimeyageuza. Nilikuwa nikidhani ardhi inatakiwa kutunza kila kitu, na kila kinachokosekana ni dalili ya hila. Kumbe kawaida ya nchi kavu ni kuondolewa. Mvua inabeba, upepo unabeba, mto unabeba. Ili kitu kibaki lazima kizikwe haraka, mahali panapodidimia, kisha pasiguswe. Kubaki ndiyo ajabu. Nikakumbuka malipo yangu ambayo hayakuguswa. Nikaanza kushukuru kwa vichache vilivyobaki, badala ya kuwadai watu vingi vilivyopotea, na katika kushukuru huko nikamkuta tena Mungu, mahali ambapo sikumtafuta.

Dokta alijua nasumbuka. Jioni moja tukila ugali na maharage alinisimulia habari ya Hans Reck, na nadhani alinisimulia makusudi. Reck alikuwa mtaalamu wa miamba, Mjerumani. Mwaka 1913 aliongoza msafara kuja Oldupai, na watu wake wakakuta mifupa ya binadamu kamili kwenye Tabaka la Pili. Akatangaza kwamba mtu huyo ni wa zama za tabaka lile. Ulikuwa mgogoro mkubwa, kwa sababu mifupa ilikuwa ya mtu kama sisi, na wanyama waliozikwa kwenye tabaka lile walishatoweka duniani. Mtafiti Louis Leakey alitilia shaka, lakini alipokuja na Reck mwaka 1931 akashawishika naye.

Kisha sampuli ya udongo ulioshikamana na mifupa ikachunguzwa. Ndani yake mkaonekana vipande vyekundu kama vya Tabaka la Tatu, lililo juu ya la Pili, na vibanzi vya chokaa kama ile ngumu ya juu kabisa. Vipande hivyo haviwezi kuwemo kwenye udongo uliotangulia matabaka hayo. Maana yake ilikuwa moja: mtu yule alizikwa. Zamani sana baada ya Tabaka la Pili, matabaka ya juu yake yalipokuwa yameshamomonyoka pale, watu walichimba kaburi wakamlaza mwenzao, wakamfukia kwa udongo uliochanganyika. Reck alisoma tabaka vizuri, lakini hakuliona pengo lililopita juu yake. Mwaka 1933 ikachapwa barua ya kukiri hayo kwenye jarida la Nature, na miongoni mwa walioweka sahihi walikuwemo Leakey na Reck mwenyewe.

Nilimuuliza Dokta, "Reck aliweka sahihi yake mwenyewe?" Akasema ndiyo. Aliyekuwa ametetea jambo lile tangu mwaka 1913 akaweka sahihi kwamba halikuwa hivyo. Mimi nilikuwa nimetetea kijitabu cha kupewa, na nilikuwa siwezi kuwaambia vijana wanane wa kambini kwamba sikuwa najua nisemacho.

Nilipowaambia, mmoja aliuliza kama bado nitawahubiria. Nikasema nitahubiri kitu kingine.

Msimu ulipokwisha nilirudi Malambo na mchoro wangu ukiwa umekunjwa ndani ya Biblia. Nyumbani nilifanya jaribio langu dogo. Mwaka 2007 Lengai ulilipuka, na majivu yaliendelea kutoka hadi mwaka uliofuata. Kwetu yalikuwa kwenye majani, kwenye maji, kwenye macho ya ndama. Hakuna mtu wa Malambo aliyesahau. Basi nikachukua jembe, nikachimba uwandani kutafuta yale majivu. Hapakuwa na kitu. Nikachimba kando ya korongo, hapakuwa na kitu. Niliyakuta chini ya jiwe kubwa lililoegemea, kwenye kijishimo kisichofikiwa na upepo: utando wa kijivu mwembamba kama ganda la yai, wenye mchanga chini na mchanga juu. Kama mtu angekuja baada ya miaka elfu akachimba uwandani tu, angesema Lengai haukulipuka. Nilikaa pale chini ya jiwe nikicheka peke yangu. Miaka niliyoiishi mwenyewe ilikuwa imeshaanza kuwa pengo. Na upepo wa tambarare ya Salei hauna huruma: ule mchanga mweusi unaohama karibu na Oldupai, ambao watalii huenda kuupiga picha, ni majivu ya Lengai yanayosogezwa kuelekea magharibi zaidi ya mita 10 kwa mwaka.

Kusema kanisani kulikuwa kugumu kuliko kuchimba. Nilisimama Jumapili moja nikaeleza kwamba lile hubiri la pengo silihubiri tena, na kwa nini. Baadhi ya wazee walisema nimenunuliwa. Binamu yangu aliuliza kama sasa naamini babu yangu alikuwa nyani, na kwa miezi kadhaa tukawa tunasalimiana kwa mbali. Sikuwa na majibu ya kila kitu, na hilo pia lilikuwa geni kwangu. Mchungaji wa usharika, mzee mpole, alinisikiliza hadi mwisho. Nilidhani ataninyang'anya uinjilisti. Akaniombea, akaniambia niwafundishe watoto wa Jumapili, lakini kwanza nijifunze kunyamaza kidogo. Ilikuwa mara ya pili kupewa kitu badala ya kunyang'anywa.

Nimeendelea kusoma, kidogo kidogo, kama mtu aliyeanza shule amechelewa. Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni hili: pengo la kwetu si pengo la dunia nzima. Miaka isiyokuwepo Naibor Soit iko vipande vipande mahali pengine, tena mingi iko humu humu Tanzania. Ukienda Laetoli, kiasi cha kilomita 45 kusini mwa Oldupai, utakuta majivu ya zaidi ya miaka milioni 3.6, yenye zile nyayo za watu waliotembea wima zilizofichuliwa mwaka 1978. Majivu yalianguka, mvua kidogo ikayalowesha, wakapita, yakaganda, mengine yakafunika. Lakini Laetoli nayo ina pengo lake: kabla ya matabaka yaitwayo Ndolanya ya Juu imekosekana karibu miaka milioni moja.

Nenda mbali zaidi. Bonde la Rukwa lina miamba ya miaka milioni 25 hivi, yenye mabaki ya nyani wa kale. Tendaguru, mkoani Lindi, ina miamba ya miaka kama milioni 150, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, kuanzia mwaka 1909, na mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin hadi leo. Reck naye alifanya kazi kule kabla ya kuja Oldupai. Bonde la Ruhuhu, upande wa Songea, lina mifupa ya wanyama wa zama za kabla ya hao mijusi. Wakati kule kulikuwa na mabonde yanayopokea mchanga, huku kwetu kulikuwa na milima inayoliwa. Nilidhani pengo ni wakati ambapo hakuna kilichotokea. Kwa kweli milima mizima ilitolewa hapa, ikasagwa, ikabebwa na mito kwenda kuwa ardhi ya watu wengine. Ni baadaye sana, bonde la ufa lilipoanza kupasuka na volkano kumwaga majivu, ndipo kwetu nako kukapata mashimo ya kutunza kitu.

Nina neno pia kwa walio upande wa pili, maana nimewasikia. Wapo wasomi wanaotumia pengo kama kichaka cha kujificha: ushahidi ukikosekana wanasema bila shaka uko kwenye udongo uliopotea, wakapita. Dokta hakupenda hilo. Alisema pengo halimthibitishii mtu chochote alichotaka tangu mwanzo, awe mhubiri au profesa. Lazima utazame mipaka yake: nini kiko chini, nini kiko juu, mstari umekatwa au umelala, kuna mizizi, kuna madonge ya tabaka la chini ndani ya la juu. Hata kina kinaweza kukudanganya. Pale Oldupai kuna matabaka machanga, yale ya Naisiusiu, yaliyotandikwa baada ya korongo kuchongwa hadi karibu na kina cha leo. Ukisimama chini bila kujua utadhani ni ya kale kuliko yaliyo juu ya kichwa chako, kumbe yametanguliwa na yote.

Leo bado ni mwinjilisti, na bado ni mfugaji. Binamu yangu tumepatana. Alikuja mwenyewe kuona yale majivu chini ya jiwe, akasema kitu kimoja tu, kwamba ni membamba. Imani yangu imekuwa na maneno machache kuliko zamani. Sijui kila kitu kuhusu siku za kitabu cha Mwanzo, na siogopi tena kusema hivyo mbele ya watoto. Wanaponiuliza miaka imeenda wapi, nawachukua hadi kwenye ukingo wa korongo, nawapa penseli.

Ndugu yangu, inawezekana uko pale nilipokuwa. Labda umepewa kijitabu kama changu, au uko upande wa pili na umepewa kingine. Sikuombi uniamini. Makumbusho ya Oldupai yako ukingoni mwa korongo, jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2017, na wapo vijana wa Ngorongoro wanaoongoza wageni kwa Kiswahili na kwa Kimaasai. Ukifika, usianze kwa kuuliza umri wa korongo. Mwombe mmoja wao akuonyeshe mahali matabaka mawili yanapokutana, usogee karibu mpaka uone kokoto, na umuulize palitokea nini hapo katikati. Kama ni mbali, tafuta ukingo wa korongo la kwenu na uanzie hapo.